Pikipiki Isiyotoa Moshi

Kuamini ni juu yako. Ila usiniambie niliota, maana ndoto haiachi alama ya mpira kwenye mkono wa mtu mzima, na alama ile nimeiona mchana kweupe mpaka nikashindwa kuitazama. Haya yalinipata mimi mwenyewe, huku Katavi, na wala si zama za mababu. Simu zipo, lami ipo, umeme upo. Na bado yalitokea.

Nilifika Mpanda kwa treni kutoka Tabora. Wanaoijua safari ile wanaijua: unalala umekaa, unaamka umekaa, na nje ni pori lile lile uliloliacha jana. Kabla ya Tabora nilikuwa Kahama, kabla ya Kahama Tunduma, kabla ya Tunduma Makambako, na mwanzo kabisa Korogwe nilikozaliwa. Ndivyo nilivyo. Nikikaa mahali misimu miwili mitatu, miguu inaanza kuwasha. Kidato cha nne nilimaliza, kazi nimefanya za kila namna, lakini kitu pekee nilichokibeba kwa mapenzi safari ile kilikuwa nyuma, kwenye behewa la mizigo, kimefungwa kamba pembeni ya magunia. Pikipiki ndogo ya zamani, ile ya mafuta mchanganyiko.

Niliinunua Tabora kwa mwalimu mstaafu. Ilikuwa bandani, kuku wanatagia kwenye kiti. Nilipoliona lile tangi moyo uliruka. Baba yangu alikuwa bwana shamba, na kazini walimpa ya namna ile ile. Nimekua nikikaa juu ya tangi, mbele ya kifua chake, nikinusa ule moshi. Wengine wananusa ubani, mimi nanusa moshi wa mafuta mchanganyiko, na wote tunafika nyumbani.

Ngoja nikueleze mashine yenyewe, maana usipoielewa hutaelewa kilichonitisha. Pikipiki za siku hizi zina oili yake chini na petroli yake juu, havionani. Ile yangu haina oili chini wala vali juu. Unamimina petroli kwenye tangi, unaongeza oili kidogo, halafu unaitikisa pikipiki kulia na kushoto kama mtu anayepepeta mchele. Oili inalainisha pistoni, kisha inaungua pamoja na petroli. Ndiyo maana inatoa moshi wa buluu, ikiwa mpya, ikiwa kuukuu, daima. Mashine ya mchanganyiko isiyotoa moshi haijazaliwa. Na taa yake ya mbele haina betri, inakula umeme wa injini moja kwa moja. Ukipiga resi inang'aa nyeupe, ukiachia inafifia, inakuwa njano kama kibatari kinachoishiwa.

Mpanda nilipanga chumba Kawajense kwa Bi Mwajuma, mama wa makamo anayeuza vitenge sokoni. Kazi nilipata kwenye kijiwe cha bodaboda huko Shanwe. Vijana walinicheka wiki nzima. Mwenyekiti wetu wa kijiwe, jamaa mnene tuliyemwita Kiberenge, alikuwa akiniona natokea anaziba pua.

"Jamani, anikeni nguo ndani! Kaka Moshi amekuja kupulizia mbu!"

Oili yenyewe nilikuwa nainunua kwa wauza vifaa vya misumeno ya mashine, wale wa mbao, maana wao tu ndio waliobaki wakiitumia. Nilicheka pamoja nao. Nilikuwa na raha, kusema kweli. Kwa mara ya kwanza miguu ilitulia.

Aliyeituliza ni Rehema, binti wa Bi Mwajuma. Mjane, ana maneno makali na kicheko kirefu, anafanya biashara ya asali. Tulikuwa tumeshaelewana kwamba mavuno yakiisha nitatuma watu kwa mama yake. Nikwambie tu mapema: kila kitu katika kisa hiki kilikuwa yeye. Si pikipiki. Yeye.

Kijiweni kwetu kuna desturi ya kukabidhi abiria. Chombo kikikuharibikia njiani, unamsimamisha mwenzako, unamwambia, "Nimekukabidhi." Neno hilo likishatoka, abiria ni wake mpaka anakokwenda. Humfuati, huulizi, humrudishi. Tulikuwa tunalisema mara ngapi kwa siku? Lilitutoka mdomoni kama salamu.

Siku ile nilimpeleka Rehema kijiji kimoja cha ndani huko Inyonga, kwa wafuga nyuki. Tulipakia ndoo ya asali nyuma ya kiti chake, nikaifunga kwa mpira wa tyubu, ule mrefu tunaokata kama mkanda. Kutoka kijijini mpaka lami ni njia ya vumbi katikati ya miyombo, na njia ile ina mbung'o, usiniulize. Wanafuata kitu chochote kinachotembea, wanauma mpaka kwenye mshono wa suruali. Ila moshi wa mashine yangu walikuwa hawaupendi, na hiyo ndiyo sifa pekee ambayo Rehema aliwahi kuipa.

"Pikipiki yako inakohoa kuliko babu yangu," akasema mgongoni mwangu.

"Inasafisha koo."

"Basi imalize kusafisha. Giza likitukuta humu, nakuacha na mpenzi wako huyu natembea."

Jua lilikuwa limeshuka kwenye vichwa vya miti. Tukaanza kilima kirefu chenye mchanga, mzigo mzito, gia namba moja, resi mwisho. Nikasikia mlio unapanda, unakuwa mwembamba, unakaza. Kabla sijaachia, gurudumu la nyuma likajikaza kwii! tukasimama. Pistoni ilikuwa imevimba kwa joto, imeishika silinda. Si ugonjwa mkubwa. Unasubiri ipoe, unapiga kiki, unaendelea. Lakini moshi ukikoma, mbung'o wanakuja. Tukawa tunajipiga mashavuni kama wendawazimu, Rehema anacheka huku ananilaani.

Ndipo tukaisikia. Treng-teng-teng-teng. Inatoka nyuma yetu, Inyonga.

Niamini, nilifurahi. Mlio ule mtu aliyekua nao hausahau. Nilidhani mimi peke yangu ndiye mwenye mashine hiyo mkoa mzima, kumbe nina mwenzangu! Ikatupita taratibu, ikasimama hatua chache mbele yetu, mkia wake kwangu. Aliyeiendesha alikuwa mwanamume, kavaa koti refu la mvua wakati kiangazi kimekausha hata visima. Sura yake niliiona vizuri alipogeuka, na mpaka leo siwezi kukueleza. Ilikuwa kama picha ya pasipoti iliyolowa maji: macho yapo, pua ipo, lakini mtu hayupo.

"Imeshika?" akauliza.

"Imeshika, mzee. Naisubiri ipoe."

"Jua halisubiri."

"Ni kweli."

"Huyo nitamfikisha."

Nikamuuliza, "Lami?"

"Mbele," akasema.

Nilichukulia ndiyo hiyo lami. Wewe usingechukulia hivyo? Rehema naye hakusita. "Acha niende, pale lami kuna duka, nitakusubiri nimekaa. Lakini asali yangu siiachi." Akafungua ncha moja ya mpira kwenye ndoo, akaizungusha kwenye kiganja apate kuvuta, na ncha ya pili ikamshinda, maana fundo langu lilikuwa limekaza kwenye kerio, kile chuma cha mizigo nyuma ya kiti. Mpira ule ni mrefu. Akaenda nao mkononi, akakaa upande kwenye kiti cha yule bwana, ananivuta kama mbuzi.

"Fungua basi fundo lako, mwanamume!"

Nikainama kulifungua. Nikiwa nimeinama vile, akili yote iko kwenye vidole, nikasikia sauti ya yule bwana, tulivu kabisa.

"Umenikabidhi?"

Nikajibu bila kuinua kichwa. "Nimekukabidhi."

Nilipoinua macho, fundo bado halijafunguka, uso wangu ulikuwa unatazama bomba lake la moshi. Injini inanguruma. Bomba halitoi kitu. Nilisogea, nikaangalia tena. Hakuna moshi, hakuna harufu, hata vumbi lililokuwa chini ya bomba halitikisiki. Nikaligusa kwa kidole kama mtu anayegusa pasi. Lilikuwa baridi kama mtungi.

Nikatazama mbele. Taa yake ilikuwa inapiga kwenye miti, nyeupe, imetulia, na injini iko chini kabisa, haina resi. Nikalitazama tangi. Langu lina bonyeo upande wa kushoto, alilisababisha mtoto wa yule mwalimu kwa jiwe. Na lake lilikuwa nalo. Pale pale.

Halafu nikaona mbung'o. Mimi walikuwa wamenijaa shingoni. Yeye hakuwa na hata mmoja. Na Rehema alikuwa na mmoja shavuni, anamnyonya, na Rehema hampigi. Ametulia tu. Anatazama mbele.

"Rehema, teremka."

Akaendelea kutazama mbele.

"Rehema!" Nikamshika mkono nikamvuta. Mtu niliyekuwa nambeba kila siku, leo ni mzito kama gogo lililoota mizizi. Hakunitazama. Mdomo wake ulikuwa umefunguka kidogo, kama mtoto anayesikiliza hadithi.

"Mzee," nikasema, "samahani, ngoja kwanza. Namrudisha."

"Umeshanikabidhi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama karani anayekwambia dirisha limefungwa. Kisha nikasikia mguu wake unabonyeza gia, klak.

Nilirukia pikipiki yangu. Nilichokuwa nataka ni kumpita nimzuie kwa mbele, hata kama ni kugongana tugongane. Nikapiga kiki, lakini kwa woga mguu haukufika mwisho. Kiki ikarudi, ikanipiga unyayo mpaka nikaona nyota, na injini ikawaka. Lakini mlio haukuwa wake. Ulikuwa mzito, wa kukwaruza, kama mtu anayeongea huku akivuta pumzi ndani. Sikuwa na muda wa kufikiri. Nikaweka gia namba moja, nikaachia klachi.

Pikipiki ikaenda nyuma.

Najua unacheka. Waulize mafundi wa zamani. Mashine ya mchanganyiko haina vali za kuamua njia, ikipigwa kiki nusu na ikarudi, inaweza kuwaka inazunguka kinyume, na gia zote zinageuka. Nilikuwa nimelisikia hilo tangu utotoni, sikuwahi kuliona. Ikanirudisha nyuma kwa nguvu, kilima nacho kinasaidia, na ule mpira wa tyubu uliofungwa kwenye kerio ukanyooka, ukawa mwembamba kama uzi. Ncha ya pili bado ilikuwa mkononi kwa Rehema.

Mpira ukavuta. Mimi na mikono yangu nilishindwa, lakini mashine ile ndogo ilimng'oa. Akaanguka chini kwa kishindo, akaburutwa kwenye mchanga, na akapiga kelele. Wallahi sijawahi kusikia sauti tamu kama ile kelele.

Nikaangukia kichakani, injini ikazima. Nilipoinuka Rehema alikuwa anatambaa kuja kwangu, ana damu magotini. Yule bwana hakugeuka. Hakuondoka pia. Taa yake ilibaki imewaka, haikufifia, haikucheza, inatazama mbele, kama mtu anayesubiri abiria wake amalize kuaga.

Tuligeuza. Nikapiga kiki safari hii kwa mguu wote, ikawaka inavyotakiwa, tukarudi tulikotoka, ndoo ya asali ikiwa imemwagika njia nzima. Njia ya kwenda lami ilikuwa na yeye, sisi tungepita wapi?

Giza la kwanza lilitukuta kwenye boma la Wasukuma wafugaji. Mama mwenye kaya, Mama Masanja, alitupokea ng'ombe wakiwa bado wanaingia zizini. Akamwosha Rehema magoti, akatupa maziwa. Alikuwa mcheshi.

"Kipikipiki gani hicho, mwanangu? Kinalia kama mbuzi amebanwa na mlango. Tuliwasikia tangu mbali."

Nikajaribu kucheka.

"Na mwenzenu yuko wapi?" akauliza.

"Mwenzetu yupi, mama?"

"Huyo wa pikipiki ya pili. Zilikuwa zinakuja mbili, moja nyuma ya nyingine. Yeye hanywi maziwa?"

Rehema aliweka kibuyu chini. Mama yule akatutazama nyuso. Aliita vijana wake wakakoleza moto mlangoni.

Asubuhi tulipanda lori la magogo, pikipiki juu, tukafika Mpanda. Ungedhani yameishia hapo. Mimi nilidhani hivyo.

Alama ya mpira ilimzunguka Rehema kiganja mpaka kifundo, nyekundu, kisha nyeusi, na haikuondoka. Lakini si hiyo iliyonitesa. Kila jioni jua likigusa mabati, alinyamaza. Alikuwa anaweza kuwa katikati ya kicheko. Ananyamaza, anachukua khanga, anajitanda, anakwenda kukaa kwenye kizingiti, upande upande, jinsi mwanamke anavyokaa kwenye pikipiki. Ukimwuliza anasema, "Nimekabidhiwa." Basi. Na usiku halali.

Mwanzoni nilisema ni mshtuko. Shehe alikuja, akasoma, Rehema akalala siku mbili tatu, kisha yakarudi. Nikagundua kwamba nikiwasha pikipiki yangu pale Kawajense, mlio wa pili unaitika kutoka barabara ya Inyonga. Majirani walisema ni mwangwi. Mwangwi gani unachelewa, jamani? Mwangwi gani unapiga kiki kwanza?

Nikaifungua mashine yote. Silinda huku, kabureta kule, plagi kwenye kopo. Jioni ile ile, nikiwa nimekaa na injini iliyo vipande vipande kwenye gunia, nikaisikia nje ya geti. Kiki. Kiki. Treng-teng-teng. Rehema alikuwa ameshafika mlangoni, mkono kwenye komeo. Mimi na mama yake tulimshika wawili, na ule uzito ulikuwa unaanza kumrudia.

Kesho yake nilikwenda kijiweni, nikamvuta Kiberenge pembeni. Sikumweleza yote. Nilimwuliza tu, abiria uliyemkabidhi kwa makosa, unamrudishaje?

"Humrudishi, Kaka Moshi. Umesahau sheria?"

"Hakuna njia?"

Akafikiri, akacheka. "Labda uhame kijiwe. Ukihama moja kwa moja wewe si mwenzetu tena, na ulichokabidhi chote kimekufa. Lakini ukirudi hata kusalimia, kimefufuka. Kwani unataka kutukimbia? Nani atatufukuzia mbu?"

Alikuwa anatania. Mimi sikuweza kucheka.

Nilimweleza Bi Mwajuma. Alisikiliza huku anakunja vitenge, akavikunja vyote, kisha akaanza kuvikunja upya.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "mimi sikufukuzi. Nilishakuhesabu kuwa wa hapa. Lakini huyu ninaye mmoja tu."

"Najua, mama."

"Na usimuage. Ukimuaga atakufuata wewe, nami namjua."

Basi nikusihi wewe unayesoma, hasa kama unaendesha. Ukikwama porini na mwenzako akasimama kukusaidia, mshukuru, lakini kabla hujamtazama usoni litazame bomba lake la moshi. Liguse. Na neno la kukabidhi mtu usilitoe huku umeinama. Inua kichwa, mwone unayempa, ndipo useme. Mimi sasa naishi mji ambao sitautaja, nasukuma maisha kwa kazi nyingine. Bi Mwajuma hunipigia simu mara moja moja, tunasalimiana, hatumtaji mtu. Kurudi Mpanda sirudi, hata kwa msiba.

Siku niliyoondoka, pikipiki ilikuwa kwenye magunia mawili, vyuma vitupu. Nilikwenda stesheni mapema kwa mkokoteni, njia za nyuma, nisionekane. Treni ilichelewa. Jua likaanza kushuka, nami roho juu, maana ile ndiyo saa yake. Nikiwa dirishani nikawaona wanaingia kwenye jukwaa, Bi Mwajuma na Rehema, mama amemshika kiwiko. Nafikiri Rehema alikuwa ametoka kunifuata, na mama yake akashindwa kumzuia. Rehema alikuwa amejitanda khanga, anatazama huku na huku kwenye mabehewa, moja moja.

Nilirudisha kichwa ndani, nikajibana ukutani. Treni ikapiga honi, ikajivuta, ikaanza kwenda.

Nilivumilia mpaka behewa letu lilipowapita, kisha nikachungulia. Walikuwa wamekaa kwenye benchi. Jua limegusa mabati ya stesheni, na Rehema alikuwa ameweka kichwa begani kwa mama yake, mikono imelegea mapajani, mdomo wazi, amelala fofofo. Bi Mwajuma aliniona. Hakunipungia. Aliinua kidole taratibu, akakiweka mdomoni.